UZI: Tathmini ya programu za afya ya maveterani Marekani. Kwa nini ipangwe kabla sera haijafika kila hospitali

Mpimasera (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Naomba tujadili jinsi Marekani inavyotumia tathmini ya programu kuamua sera za afya za wanajeshi wake wastaafu. Nimeichagua kwa sababu wizara yake ya maveterani, VA, ina hospitali zake yenyewe: vituo vikubwa takriban 170, zahanati zaidi ya 1,000, na watu waliojiandikisha kama milioni 9. Mgonjwa anatibiwa humo miaka na miaka na rekodi zake zinamfuata. Ukibadilisha sera leo, una uwezo wa kuona kilichompata mtu kesho kutwa. Nafasi hiyo ni adimu, na naona wenyewe wameitumia nusunusu.

Nianze na opioidi, zile dawa kali za maumivu. Maveterani wengi wanatoka jeshini na migongo mibovu, magoti yaliyochakaa na majeraha ya milipuko, na kwa miaka mingi waliandikiwa dawa hizi bila kubanwa sana. Mwaka 2013 VA ikasambaza nchi nzima mpango wa usalama wa opioidi. Ufuatiliaji uliangalia zaidi uandikaji wenyewe: wagonjwa wangapi wanaandikiwa, na kwa dozi gani. Kati ya 2012 na 2020 idadi ya wanaoandikiwa ilishuka kwa zaidi ya nusu. Ukisoma ripoti kwa kipimo hicho, unafunga faili na kupongeza watu.

Mwaka 2020 jarida la BMJ likatoa uchambuzi wa rekodi za wagonjwa wa VA karibu milioni 1.4 waliokuwa wakiandikiwa opioidi. Safari hii watafiti walihesabu vifo, vile vya kuzidisha dawa na vile vya kujiua. Waliosimamishiwa dawa walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, na kadiri mtu alivyokuwa amezitumia kwa muda mrefu ndivyo hatari hiyo ilivyopanda. Rekodi peke yake hazithibitishi kwamba kusimamisha dawa ndiko kulikoua, maana huenda waliosimamishwa walikuwa tayari wamezidiwa. Ila zinatosha kumzuia mtunga sera asiseme "idadi imeshuka, kwa hiyo watu wako salama".

Sasa linganisheni na walichofanya mwaka 2018. VA ilikuwa na chombo cha kompyuta kinachoitwa STORM, kinachokadiria hatari ya kila mgonjwa wa opioidi kuzidisha dawa au kujiua. Ukatoka waraka: kila kituo kiunde timu ya fani mbalimbali ipitie majalada ya wagonjwa walio kwenye hatari kubwa zaidi. Na kabla waraka haujaenda, watu wa tathmini wa VA pale Boston walikuwa wameshakaa na watunga sera. Wakakubaliana kwamba vituo 140 vitaanza na asilimia 1 ya juu kwa hatari, kisha vitapanua hadi asilimia 5, lakini zamu ya kupanua ipangwe kwa kura, yaani kwa bahati nasibu. Wengine mapema, wengine baadaye.

Matokeo yakachapishwa 2022. Kwa wale ambao mapitio ya jalada yalikuwa ya lazima, uwezekano wa kufa kwa sababu yoyote ndani ya siku 127 ulikuwa chini kwa asilimia 22 kuliko wale ambao zamu ya kituo chao ilikuwa bado.

Hoja yangu ni hii. Zamu ya nani aanze ilikuwa lazima ipangwe tu, kwa sababu hakuna wizara inayoweza kuwasha kila kitu siku moja. Ukiipanga kwa kura, unapata jibu la uhakika kwa gharama ndogo. Ukiiachia ipangike yenyewe, vituo vyenye nguvu vitatangulia, vilivyochoka vitafuata, na hutajua kamwe kama tofauti imeletwa na sera au na kituo. Sera ikishafika kila mahali, huna tena wa kumlinganisha naye. Karibuni.

MamaWodi

Mpimasera, ahsante kwa bandiko hili. Nimefanya kazi na wagonjwa wa namna hii, kwa hiyo naomba nieleze hayo mapitio yanavyokuwa, maana wengi wakisikia "chombo cha kompyuta" wanadhani mashine ndiyo inatibu.

Unafungua skrini, unakuta orodha ya wagonjwa wa kituo chako. Kila mmoja ana makadirio ya hatari, na chini yake sababu: amewahi kuzidisha dawa, ana sonona, anatumia dawa za usingizi pamoja na opioidi, ana historia ya pombe. Pembeni kuna vile vinavyoweza kupunguza hatari, na alama ya kilichofanyika na ambacho hakijafanyika. Je, nyumbani ana naloksoni ya kumzindua akizidisha? Choo kinatoka, maana dawa hizi zinafunga tumbo? Ameonwa na mtu wa afya ya akili? Ana miadi ijayo?

Thamani iko hapo kwenye nafasi zilizo wazi. Unakuta mtu ana madaktari wanne, kila mmoja anajua kipande chake. Wa maumivu anadhani wa akili anamwona. Wa akili anaona miadi iliyopita mgonjwa hakufika, akaishia hapo. Timu ikikaa pamoja, mfamasia, daktari wa maumivu, mtu wa saikolojia, ndipo mmoja anauliza: huyu nani amempigia simu? Kimya. Basi anapigiwa. Mara nyingi kinachobadilika siku hiyo hata hakigusi dozi.

Ndiyo maana nakubaliana nawe kuhusu kuhesabu vidonge. Kazi ya siku ile usingeiona kabisa kwenye takwimu za vidonge.

Mzalendo_Halisi

Mkuu, nimekusoma kwa makini ila kuna kitu kinanikwaza. Hawa ni watu waliovaa sare wakaenda vitani kwa niaba ya wengine. Leo unaniambia tuwapigie kura: huyu apitiwe jalada sasa, huyu asubiri. Na wewe mwenyewe umesema waliotangulia walikufa wachache. Maana yake waliosubiri walikufa zaidi. Nani anakwenda kuieleza familia kwamba baba yao alikuwa kwenye kundi la kulinganishia?

Mpimasera

Mzalendo, swali lako ni zito na siwezi kulipita juujuu.

Kwanza, siku kura inapigwa hakuna aliyejua kwamba mapitio yanaokoa. Kulikuwa na hofu ya kweli kwamba yanaweza kudhuru: timu zikishaona jina limepigwa alama nyekundu, madaktari waogope, wamkatishe mgonjwa dawa ghafla, na tumeona hapo juu nini kinaweza kufuata. Jibu lingeweza kwenda upande wowote.

Pili, hakuna aliyenyimwa huduma ya kawaida. Daktari aliyeona mgonjwa wake yuko hatarini hakuzuiwa kumfuatilia. Kilichopangwa kwa kura ni lini kituo kitalazimika kupanua orodha.

Tatu, na hili ndilo kwangu zito zaidi: foleni ilikuwepo hata bila kura. Timu ni hizohizo na saa za kazi ni zilezile. Angalia vocha za nyumba za maveterani wasio na makazi. Miaka ya 1990 vocha zilikuwa chache kuliko wahitaji, basi zikagawiwa kwa kura kwa maveterani 460 katika miji minne: San Francisco, San Diego, New Orleans na Cleveland. Kundi moja lilipata vocha pamoja na msimamizi wa kesi, jingine msimamizi peke yake, jingine huduma ya kawaida. Matokeo yalitoka 2003: wenye vocha walikaa kwenye nyumba siku nyingi zaidi. Kuanzia 2008 Bunge likawa linatenga fedha za vocha mpya mwaka hadi mwaka, na idadi ya maveterani wanaolala bila makazi katika ile hesabu ya usiku mmoja wa Januari imeshuka kutoka 74,087 mwaka 2010 hadi 32,882 mwaka 2024. Sisemi utafiti ule mmoja ndio uliofanya yote hayo. Lakini nani angepata vocha zile chache kama si kura? Aliyejua mtu ofisini.

Kuhusu familia, ningewaambia ukweli wote, ikiwemo kwamba zamu ya baba yao ilipangwa bila upendeleo.

Mzalendo_Halisi

Hapo kwenye "aliyejua mtu ofisini" umenigusa. Bado sijaridhika kwa asilimia zote. Kura iwe na mtu anayeangalia data njiani, mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi tofauti ikionekana wazi mapema. Bila hilo siungi mkono.

Mpimasera

Nakubaliana nawe kabisa kwa hilo.

DadaWaKambi

Jamani naomba na mimi niseme, mimi si mtaalamu. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani. Alipotoka alikuwa hasikii vizuri sikio moja na usingizi hauji. Akaomba miadi. Alikaa muda mrefu sana bila kuonwa, ila kwenye karatasi alizokuja kuletewa inaonekana alisubiri kidogo tu, kwa sababu tarehe iliyoandikwa kuwa "aliyoomba mgonjwa" ilikuwa karibu kabisa na siku aliyopewa. Tulipouliza tukaambiwa ndivyo mfumo unavyoandika. Sasa mkisema mnapima, mnapima nini? Hizo namba zenu zinatoka kwenye karatasi kama ya mume wangu?

Mpimasera

Dada, pole sana, na mpe shemeji pole. Hilo ni miongoni mwa majeraha makubwa ya mfumo huu, na lina historia.

Mwaka 2011 VA iliweka lengo kwamba miadi itolewe ndani ya siku 14, na lengo hilo likaingizwa kwenye vipimo vya utendaji vilivyogusa bonasi za wakubwa. Mwaka 2014 yakafumuka ya hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona: orodha za pembeni, wagonjwa wasiokuwa kwenye foleni rasmi. Waziri wa VA, Eric Shinseki, alijiuzulu tarehe 30 Mei. Ukaguzi wa ndani uliotoka Juni mwaka huohuo ulikuta maveterani zaidi ya 57,000 wamesubiri miadi yao ya kwanza kwa siku 90 au zaidi, na asilimia 13 ya wapangaji wa miadi waliohojiwa walisema wameelekezwa kuandika tarehe tofauti na aliyoitaka mgonjwa. Yaani kitu kilekile unachokieleza. Lengo la siku 14 likaondolewa.

Tathmini nzuri haichukui namba kutoka kwa mtu ambaye mshahara wake unategemea namba hiyo. Ndiyo sababu vifo ni kipimo kizuri japo kinauma: tarehe ya kifo haiandikwi na mpangaji wa miadi. Kulazwa na kwenda kitengo cha dharura ni vipimo vinavyokaribia hapo. Muda wa kusubiri upimwe kuanzia siku ombi lilipoingia, na upimwe na mtu wa nje ya kituo.

MamaWodi

Niongezee kwa dada. Wapangaji wa miadi mara nyingi ndio wa chini kabisa kwa mshahara. Wanapewa lengo, hawapewi daktari wa kuongeza. Wakisema nafasi hakuna wanaonekana wazembe. Mkiwaadhibu wao peke yao, anayefuata ataandika vilevile. Tathmini ingewauliza kwanza: miadi inakwama wapi? Wanajua kuliko mkurugenzi.

Kijana_Takwimu

Mkuu Mpimasera, baada ya Phoenix si Bunge lilipitisha sheria ya kuwaruhusu kwenda hospitali binafsi? Hiyo ilipimwa vipi?

Mpimasera

Kijana, hapo ndipo ninaposikitika.

Sheria ya Choice ilisainiwa Agosti 2014, dola bilioni 10 zikatengwa kwa ajili ya huduma za nje. Ukisubiri zaidi ya siku 30 au ukiishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha VA, unaruhusiwa kwenda nje. Ilikwenda nchi nzima kwa mkupuo. Mwanzoni hata maili 40 zilipimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, kana kwamba mgonjwa anaruka juu ya milima na maziwa. Mwaka 2015 ndipo wakahamia umbali wa barabara. Jaribio dogo katika majimbo machache lingeibua hilo mapema. Sheria iliyofuata, MISSION ya 2018, ikabadilisha vigezo: wastani wa dakika 30 za kuendesha gari kwa huduma za msingi na afya ya akili, 60 kwa bingwa, na kusubiri siku 20 au 28. Nayo ikaanza nchi nzima Juni 2019.

Kwa kuwa hakukuwa na kundi la kulinganishia lililopangwa, watafiti wamelazimika kutafuta bahati nasibu ambayo maisha yenyewe yameipiga. Kuna kazi moja naipenda mno, ya David Chan, David Card na Lowell Taylor, iliyochapishwa 2023. Walichukua maveterani wa miaka 65 na kuendelea, wenye haki ya kutibiwa VA na pia bima ya serikali ya wazee, waliopiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa linalofika linategemea lipi liko karibu dakika ile, na kampuni za magari hayo zina mazoea tofauti: baadhi hupeleka VA, baadhi hospitali nyingine. Kwa hiyo watu wanaofanana waliishia sehemu tofauti kwa sababu ya gari tu. Waliopelekwa VA, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa chini kwa asilimia 46, na gharama zilikuwa ndogo pia.

Asilimia 46, wakuu. Matokeo haya yamechapishwa karibu miaka tisa baada ya Bunge kuamua. Yanahusu wazee wa dharura, si kila mgonjwa wala kila huduma, na anayeishi mbali na VA kweli anahitaji daktari wa karibu. Lakini sera ingeandikwaje kama jibu hili lingekuwepo 2014? Na muda wa kusubiri nao: ulinganisho uliochapishwa 2019 ulikuta mwaka 2017 wastani wa VA ni siku 17.7, wakati sekta binafsi kwenye miji hiyohiyo ni 29.8. Mtu alikuwa anatolewa foleni moja na kupelekwa kwenye foleni ndefu zaidi.

DadaWaKambi

Hii ya gari la wagonjwa sikuwahi kuisikia. Sisi tulishauriwa kwenda nje na tukaamini moja kwa moja kwamba nje ni bora.

Kijana_Takwimu

Swali jingine mkuu. Tathmini ikitoka na jibu la "haikusaidia", programu ifutwe? Nauliza kwa sababu ya REACH VET. Naona wanaisifu na wengine wanasema haijapunguza vifo.

Mpimasera

Swali zuri. Kwa wasioijua: kila mwezi kompyuta inachambua rekodi na kutoa, kwa kila kituo, asilimia 0.1 ya wagonjwa walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kujiua. Mratibu wa kituo anamjulisha daktari, daktari anapitia matibabu na kuwasiliana na mgonjwa. Ilienda nchi nzima 2017. Maveterani wanaojiua Marekani ni zaidi ya 6,000 kwa mwaka, kwa hiyo kila mtu alitamani ifanye kazi.

Tathmini iliyochapishwa 2021 ilikuta walioingia kwenye programu walihudhuria miadi zaidi, walilazwa mara chache zaidi kwa matatizo ya akili, walifika dharura mara chache zaidi, na majaribio ya kujiua yaliyorekodiwa yalipungua. Tofauti kwenye vifo haikuonekana.

Nisingeifuta. Asilimia 0.1 ni watu wachache sana, na wengi wanaojiua hawamo kwenye orodha hiyo. Ninachokataa ni waziri kusimama na kusema "tuna REACH VET" kana kwamba suala la kujiua limepata mwenyewe. Karibu robo tatu ya vifo hivyo vinatokana na bunduki. Kwa hiyo pesa inayofuata ingeenda kupima njia za kuweka muda na umbali kati ya mtu aliye kwenye kiza na silaha yake: makufuli, kuhifadhiwa na ndugu, mazungumzo ya daktari na familia. Na safari hii zamu za vituo zipangwe kwa kura kuanzia mwanzo.

MamaWodi

Naunga mkono. Mwambieni pia atakayepanga kwamba hiyo simu ya kwanza kwa mgonjwa haipigwi na yeyote tu. Mtu anayepigiwa na sauti asiyoijua na kuambiwa "kompyuta imeona uko hatarini" anakata simu. Apigiwe na anayemjua. Tathmini iandike nani alipiga, si kwamba "mawasiliano yalifanyika".

Mzalendo_Halisi

Nirudi na la mwisho. Sheria ya PACT ya 2022, ile ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Nakumbuka ilipanga kuwaingiza watu kwenye huduma kwa awamu mpaka 2032. Kisha VA ikafuta awamu na kufungua mlango kwa wote mara moja, tarehe 5 Machi 2024. Kwa hoja yako, Mpimasera, walikosea? Maana awamu ndiyo ingekupa watu wa kulinganisha.

Mpimasera

Hapana, hawakukosea, na mimi ningefungua mlango kama wao. Zile awamu zilifuata vita na tarehe za kutoka jeshini, hazikuwa za kura, kwa hiyo ulinganisho wake ungekuwa dhaifu tangu awali. Na mtu mwenye mapafu yaliyoharibika hawezi kuambiwa asubiri miaka minane kwa ajili ya jedwali langu. Kura inafaa pale ambapo hatujui kama kitu kinasaidia, au hakitoshi kwa wote. Haki ya kutibiwa haimo kwenye makundi hayo mawili.

Ila kipo cha kushika. Tangu Novemba 2022 kila veterani aliyejiandikisha anatakiwa kuulizwa maswali ya kuchunguza kama alikutana na sumu: moshi, kemikali, mionzi. Maswali hayo yanarudiwa angalau kila miaka mitano. Nani anafuatiliwa baada ya kusema "ndiyo", kwa haraka gani, na kwa kipimo kipi cha mapafu, hayo bado yanaweza kupangwa kwa zamu kati ya vituo, kwa sababu hakuna mwenye uhakika njia ipi inagundua ugonjwa mapema. Walioulizwa mwanzoni kabisa wanafikia duru ya pili ifikapo Novemba 2027. Anayetaka ulinganisho uwepo siku hiyo, mpango wake uwe umeandikwa kabla duru hiyo haijaanza.